Papa nyundo na indri: wingi wa watoto si kinga

Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, inayopima hatari ya viumbe kutoweka, papa nyundo wa aina ya Sphyrna lewini na indri, mmoja wa lemuri wakubwa kabisa walio hai, wako daraja moja: hatarini kabisa kutoweka. Papa huyu huzunguka bahari za joto, zikiwemo za Kenya na Tanzania. Indri yuko misitu ya mvua ya mashariki mwa Madagaska tu.

Masaibu ya indri yanaeleweka upesi. Jike huchelewa kuzaa, hupata mtoto mmoja, kisha hukaa miaka miwili au mitatu kabla ya kupata mwingine. Chakula chake kikuu ni majani machanga, na majaribio ya kumfuga yameshindikana. Kwa hiyo msitu ukifyekwa na kuchomwa ili kupanda mpunga, hana pa kukimbilia. Vijiji vingi vina mwiko wa kumuua, na umemsaidia kweli, ila mwiko huo haukatazi kulima alipokuwa akiishi.

Papa nyundo huzaa watoto 12 hadi 41 kwa mkupuo. Mtu atasema huyo ana akiba. Wapi! Jike huchukua zaidi ya miaka 10 kukomaa, na akikomaa huja kuzalia kwenye ghuba na maji ya kina kifupi, palepale penye nyavu zetu. Kichwa chake kipana hunasa kwa urahisi, hata cha mtoto mchanga. Tena papa huyu hupumua kwa kuogelea: akizuiwa, maji hayapiti vizuri kwenye matamvua, naye hufa upesi. Mvuvi mwenye huruma akimrudisha baharini, mara nyingi anarudisha mzoga.

Mwaka 2013 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe pori, zilikubaliana kudhibiti biashara ya kimataifa ya papa huyu, ambaye mapezi yake huuzwa ghali Asia. Ni hatua nzuri, lakini inasimamia kinachovuka mipaka. Mtoto wa papa anayeuzwa mnadani asubuhi na kuliwa jioni, haimgusi.

Kwa maoni yangu, indri anahitaji kwanza msitu usiokatwa na mkulima mwenye shamba lenye rutuba. Papa anahitaji mazalio yasiyotegwa nyavu msimu wa kuzaa. Nawe mnunuzi, ukiona sokoni vitoto vya papa nyundo, usinunue.