Umbali wa hospitali, na hesabu ya wanaousoma utafiti wake

Nyumba ipi iko chini ya hospitali ipi? Hilo ni swali la jiometri ya kompyuta. Jibu jepesi ni ramani ya Voronoi, yenye jina la mwanahisabati Georgy Voronoy aliyeichambua mwaka 1908: eneo hukatwa vipande, kila kipande kikapewa hospitali iliyo karibu nacho kuliko nyingine zote. Kwenye tambarare hufaa. Kwenye milima ya Matogoro, pembeni ya mji wa Songea, kipimo hicho kinawafaa kunguru. Mstari ulionyooka hupita juu ya mlima, ilhali mjamzito huzunguka na njia, akapanda na kuteremka, na masika hupambana na utelezi.

Ndiyo maana watafiti hupima muda badala ya kilomita. Ramani hugawanywa viraba vidogo, kila kimoja na mwendo wake kulingana na mwinuko, barabara na uoto, kisha kompyuta hutafuta njia ya haraka kuliko zote. Paul Ouma wa mpango wa KEMRI-Wellcome Trust, Nairobi, na wenzake walipima hivyo hospitali 4,908 za umma Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka 2018 walichapisha katika The Lancet Global Health kwamba asilimia 29 ya watu waliishi zaidi ya saa 2 kutoka hospitali iliyo karibu.

Utafiti kama huo ukishatoka, wasomaji wake huanza kuhesabiwa. Kunukuliwa na watafiti wengine huchukua miaka. Kupakuliwa huonekana siku hiyohiyo, ila kupakua si kusoma. Kampuni ya Altmetric ya London, iliyoanza mwaka 2011, hufuatilia utafiti unakotajwa na kuupa alama: habari ya gazeti kwa kawaida 8, blogu 5, Wikipedia 3. Waliouhifadhi kwenye Mendeley, programu ya kutunza marejeo ya utafiti, huonyeshwa bila kuongeza alama hata moja, jambo la ajabu, maana hao ndio walio karibu zaidi na kuusoma.

Faili linalorushwa kwenye kundi la WhatsApp la wauguzi halihesabiwi. Nakala moja iliyochapwa ikizunguka ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, ikasomwa na wote wanaopanga zahanati ijengwe upande gani wa mlima, hubaki upakuaji mmoja. Waraka wa sera ukiutaja utafiti waziwazi huweza kunaswa. Ukichukua ramani yake bila kutaja chanzo, hauonekani kabisa.