Ukaguzi wa nguo zinazonunuliwa kupitia mawakala wa ng'ambo

Ukaguzi wa nguo zinazonunuliwa kupitia mawakala wa ng'ambo ni uchunguzi wa vipimo, kitambaa, mshono na rangi za nguo iliyoagizwa kwa njia ya intaneti kabla haijasafirishwa kwa mnunuzi aliye katika nchi nyingine. Kwa kawaida hufanyika katika ghala la wakala, katika nchi ya muuzaji. Umuhimu wake unatokana na wakati: nguo ikiwa bado ghalani inaweza kurudishwa kwa muuzaji kwa gharama ndogo, lakini ikishavuka mpaka nauli ya kuirudisha mara nyingi huzidi bei yake. Makala hii inahusu hasa nguo zinazonunuliwa China.

Kazi ya wakala

Masoko ya mtandaoni ya China, kama vile Taobao iliyoanzishwa na kampuni ya Alibaba mwaka 2003, na 1688 inayouza kwa jumla, yalilenga kwanza wateja wa ndani ya nchi hiyo. Maelezo yake ni ya Kichina, bei ni za yuan, na wauzaji wengi hawatumi mizigo nje. Wakala hununua kwa niaba ya mteja, hupokea mzigo katika ghala lake, huupiga picha, kisha huunganisha vifurushi na kuvisafirisha. Katika Tanzania na Kenya kazi hiyo hufanywa pia na watu wanaoishi Guangzhou au kwenda huko mara kwa mara. Mji huo wa kusini mwa China una masoko makubwa ya nguo.

Wakala si mtengenezaji wala muuzaji. Kwa kawaida huthibitisha tu kwamba kilichofika ndicho kilichoagizwa: aina, rangi, saizi na idadi. Asipoombwa, huenda asipime nguo wala asichunguze mshono. Kwa hiyo mkaguzi halisi ni mnunuzi mwenyewe, na ubora wa ukaguzi hutegemea maagizo anayompa wakala.

Muda wa kurudisha

Marekebisho ya sheria ya China ya kulinda haki za walaji, yaliyoanza kutumika tarehe 15 Machi 2014, yanampa anayenunua kwa intaneti siku 7 za kurudisha bidhaa bila kutoa sababu. Bidhaa lazima iwe katika hali nzuri, na nauli ya kuirudisha hulipwa na mnunuzi isipokuwa wamekubaliana vingine. Nguo iliyoshonwa kwa vipimo maalumu vya mteja haimo katika haki hiyo.

Siku hizo huhesabiwa tangu bidhaa ilipopokelewa. Kwa anayetumia wakala, maana yake ni siku ilipofika ghalani, si siku ilipofika Dar es Salaam au Mombasa. Anayechelewa kutazama picha hupoteza nafasi hiyo. Aidha, sheria hiyo humlinda mlaji. Anayenunua kwa jumla ili auze hutegemea makubaliano yake na muuzaji.

Vipimo

Herufi kama M, L na XL hazina kipimo kimoja duniani. Lebo nyingi za China huwa na maandishi kama 170/92A. Kwa nguo ya juu, 170 ni urefu wa mvaaji kwa sentimita na 92 ni mzunguko wa kifua chake. Herufi huonyesha tofauti kati ya kifua na kiuno: kwa wanaume, Y ni sentimita 17 hadi 22, A ni 12 hadi 16, B ni 7 hadi 11 na C ni 2 hadi 6. Hivyo ni vipimo vya mwili, si vya nguo yenyewe.

Njia ya kuaminika ni kulinganisha na nguo ambayo mnunuzi tayari anayo na inamkaa vizuri. Nguo hiyo hulazwa mezani na kupimwa kutoka kwapa hadi kwapa, bega hadi bega, urefu wa mkono na urefu wa mgongo. Kisha wakala huombwa kupiga picha ya nguo mpya ikiwa imelazwa hivyohivyo, futi ikiwa juu yake na namba zikisomeka. Tofauti ya sentimita 1 au 2 ni ya kawaida katika ushonaji wa kiwandani.

Kitambaa

Unene wa kitambaa hutajwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Fulana ya gramu 140 ni nyepesi, ya 180 hadi 200 ni ya wastani, na inayozidi 220 ni nzito. Picha haionyeshi uzito, lakini wakala anaweza kuipima nguo kwenye mizani na mnunuzi akalinganisha na fulana yake ya saizi hiyo. Picha iliyopigwa kitambaa kikiwa kimeinuliwa mbele ya taa huonyesha kama kinapitisha mwanga.

Lebo ya ndani hutaja asilimia ya pamba, poliesta au nyuzi nyingine. Kanuni ya China ya usalama wa nguo, GB 18401, pia inataka lebo itaje daraja. Daraja A ni la watoto wachanga, B ni la nguo zinazogusa ngozi, na C ni la zisizoigusa moja kwa moja. Viwango vya juu vya kemikali ya fomaldehidi ni miligramu 20, 75 na 300 kwa kilo. Kwa nguo za mtoto mchanga, picha ya lebo hiyo ni ya lazima kuombwa.

Mshono

Kasoro nyingi huonekana nguo ikigeuzwa ndani nje. Mambo ya kutazama ni haya:
- mishono iwe imenyooka, isirukeruke wala kuvuta kitambaa;
- kingo za ndani ziwe zimefungwa kwa uzi ili zisichanike;
- kola na mifuko miwili ilingane pande zote;
- mistari au maua ya kitambaa yakutane kwenye maungio;
- zipu ifunguke na kufungwa bila kukwama;
- vifungo visilegee na matundu yake yasiwe na nyuzi zinazoning'inia.

Mizigo ya jumla

Mfanyabiashara anayenunua mamia ya nguo hawezi kukagua kila moja. Kiwango cha kimataifa ISO 2859-1 kinaeleza jinsi ya kuchukua sampuli. Kwa mzigo wa nguo 500, katika ukaguzi wa kawaida, nguo 50 huchaguliwa bila upendeleo kutoka maboksi mbalimbali. Ikiwa kikomo cha ubora kilichokubaliwa ni 2.5, mzigo hupokelewa nguo zenye kasoro zikiwa 3 au chini yake, na hukataliwa zikifika 4. Kukagua nguo za juu ya boksi la kwanza pekee hakutoshi.

Nguo bandia

Ubora wa mshono haubadilishi uhalali wa bidhaa. Nguo yenye nembo ya kuigwa inaweza kukamatwa hata ikiwa imeshonwa vizuri. Tanzania hutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa bandia ya mwaka 2008.

Mipaka ya picha

Rangi hubadilika kufuatana na taa na kioo cha simu. Pia picha haiwezi kuonyesha kama nguo itachuja au kurudi inapofuliwa. Hayo hujulikana baada ya kuipokea: kitambaa cheupe chenye unyevu husuguliwa juu ya nguo ili kuona kama rangi inatoka, na nguo hupimwa kabla na baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Uzi uliochomolewa kwenye pindo la ndani ukichomwa, pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu. Kwa sababu hiyo wanunuzi waangalifu huagiza nguo moja kwanza, huifua, ndipo huagiza nyingi.