Tiba ya maji ya madini kwa magoti

Tiba ya maji ya madini ni matibabu ya kuogea au kukaa katika maji ya uvuguvugu yenye madini mengi, hasa yale yanayotoka katika chemchemi za maji moto. Hutumika, pamoja na mengine, kwa osteoathritisi ya goti, ambayo wengi huiita kusagika kwa goti. Katika ugonjwa huo gegedu linalofunika ncha za mifupa hulika polepole, na goti huuma, hukakamaa na kuvimba. Huwapata hasa wazee, watu wanene na waliowahi kuumia goti. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume.

Jinsi inavyofanya kazi

Maji huubeba mwili: mtu akizama hadi kiunoni, magoti yake hubeba takriban nusu tu ya uzito wake. Joto hulegeza misuli na kutuliza maumivu. Mchango wa madini yenyewe bado unajadiliwa. Tiba hii hairudishi gegedu lililokwisha kulika.

Utafiti

Mwaka 2007 shirika la Cochrane lilipitia majaribio 7 yenye wagonjwa 498 wa osteoathritisi. Lilikuta dalili za nafuu, lakini majaribio mengi yalikuwa na kasoro. Mwaka 2010 ulitolewa utafiti wa Ufaransa uliohusisha wagonjwa zaidi ya 400 wa goti: baada ya miezi 6, waliopata tiba ya chemchemi pamoja na mazoezi ya nyumbani walikuwa na nafuu kuliko waliofanya mazoezi peke yake.

Katika Tanzania ya kati

Uwanda wa juu wa Dodoma na Singida una chemchemi za maji vuguvugu na moto, kama ile ya Hika katika Wilaya ya Manyoni. Maji hayo hupata joto chini sana ardhini, kisha hupanda kupitia nyufa za miamba ya kale. Baadhi hutoa mapovu ya gesi za nitrojeni na heli.

Tahadhari

Maji ya chemchemi ya kuogea si lazima yafae kunywewa. Sehemu nyingi za Singida, Manyara na Arusha zina maji yenye floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kuyanywa kwa miaka mingi huharibu meno, na hatimaye mifupa na viungo. Hivyo anayeyanywa kama dawa ya magoti anaweza kuongeza maradhi yaleyale anayotaka kuyaondoa.

Wenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, homa au vidonda vilivyo wazi, pamoja na wajawazito, wamwone daktari kabla ya kuingia katika maji moto. Goti jekundu lililovimba ghafla pamoja na homa linahitaji hospitali mara moja.

Msingi wa matibabu unabaki kuwa mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzito na dawa za maumivu. Goti lililoharibika sana huweza kubadilishwa kwa upasuaji.