Takwimu za Mpira wa Kikapu Chuoni: Tuhesabu Nini, na Kutokana na Ngapi?

Timu ya mpira wa kikapu ya chuo inapomaliza mchezo, swali la kwanza huwa ni nani kashinda, na la pili ni nani kafunga zaidi. Majibu ya maswali hayo mawili hubandikwa kwenye ubao wa matangazo, na mara nyingi ndiyo yanayoamua nani aanze katika mchezo ujao na nani akae benchi. Mwanachuo aliyefunga pointi 16 baada ya kutupa ovyo mara nyingi husifiwa. Mwenzake aliyefunga 6, akadaka mipira iliyogonga ubao na asipoteze mpira hata mara moja, husahauliwa. Hiyo ni dhuluma ndogo inayotendwa kwa jina la namba. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba kosa si la namba, bali ni la msomaji anayezisoma nusu, na kwamba somo la Hisabati lina uwezo wa kulirekebisha.

MCHEZO MMOJA WA KUJIFUNZIA

Tuanze na mchezo unaojulikana sana katika historia ya vyuo vya Marekani. Tarehe 1 Aprili 1985, mjini Lexington, Kentucky, timu za Georgetown na Villanova zilikutana katika fainali ya vyuo vikuu. Georgetown walikuwa mabingwa wa mwaka uliotangulia, na katika msimu huohuo walikuwa wamekwisha kuwashinda Villanova mara mbili.

Mwalimu na aandike ubaoni safu tatu tu, bila kutaja matokeo:

Mitupo ya uwanjani: Georgetown 53, Villanova 28.
Vikapu vilivyofungwa: Georgetown 29, Villanova 22.
Mipira iliyopotezwa: Georgetown 11, Villanova 17.

Kisha awaulize wanachuo nani alishinda. Bila shaka wengi watajibu Georgetown, nao watakuwa na hoja: timu hiyo ilitupa zaidi, ikafunga vikapu zaidi, na ikapoteza mipira michache. Hata hivyo Villanova ndio walioshinda, 66 kwa 64. Mshangao huo ndio mlango wa somo.

KUTOKANA NA NGAPI?

Kila hesabu ya mchezo ni sehemu, na sehemu ina kiasi na asili. Ubao wa matangazo huonyesha kiasi na kuficha asili. Vikapu 29 kati ya mitupo 53 ni asilimia 54.7, kiwango kizuri kwa timu yoyote. Vikapu 22 kati ya mitupo 28 ni asilimia 78.6, kiwango cha ajabu. Kwa kila mtupo mmoja wa uwanjani, Georgetown walipata wastani wa pointi 1.09, na Villanova 1.57.

Tena kulikuwa na safu ya nne tuliyoificha, yaani mitupo huru. Villanova walifunga 22 kati ya 27. Georgetown walifunga 6 kati ya 8. Tofauti ya pointi 16 zilizopatikana hapo ilifidia vikapu saba walivyozidiwa uwanjani, vyenye thamani ya pointi 14, na ikabaki pointi mbili za ushindi. Wanachuo wakifanya hesabu hii wenyewe, hawatasahau kwamba safu iliyoachwa nje yaweza kuwa ndiyo iliyobeba jibu.

Wakati huo kila kikapu cha uwanjani kilikuwa na thamani ya pointi mbili. Tangu msimu wa 1986/87 vyuo vya Marekani vimekuwa na kikapu cha pointi tatu, kwa hiyo asilimia ya kawaida haitoshi tena. Tuseme Ali amefunga vikapu 10 vya pointi mbili katika mitupo 20, na Juma amefunga 8 vya pointi tatu katika mitupo 20. Asilimia ya Ali ni 50 na ya Juma ni 40, lakini Ali ameleta pointi 20 na Juma 24. Dawa yake ni kukihesabu kila kikapu cha pointi tatu kuwa kikapu kimoja na nusu. Hapo Juma anakuwa na vikapu 12 katika mitupo 20, yaani asilimia 60.

ZAMU YA KUSHAMBULIA

Asili iliyo bora kuliko zote kwa kuipima timu nzima ni zamu ya kushambulia. Timu mbili hupokezana mpira, kwa hiyo idadi ya zamu zao hukaribiana sana. Mwalimu Dean Smith, aliyeiongoza timu ya Chuo Kikuu cha North Carolina kuanzia 1961 hadi 1997, aliipima timu yake kwa pointi zilizopatikana katika kila zamu, wala si kwa jumla ya pointi.

Zamu hukadiriwa hivi: chukua mitupo ya uwanjani, ongeza mipira iliyopotezwa, ongeza karibu nusu ya mitupo huru (kwa kuwa kwa kawaida hutolewa miwili miwili), kisha toa mipira ambayo timu iliidaka tena baada ya kukosa mtupo wake yenyewe. Mipira hiyo hutolewa kwa sababu inaendeleza zamu ileile.

Tuseme timu yetu ilifunga pointi 70 katika zamu 70 wiki iliyopita, na leo imefunga 60 katika zamu 50. Ubao wa matangazo utasema tumerudi nyuma. Hesabu inasema tumetoka pointi 1.0 hadi 1.2 kwa kila zamu, yaani mashambulizi yetu yameimarika. Mchezo ndio uliokwenda polepole.

Dean Oliver, katika kitabu alichokitoa mwaka 2004, alitaja mambo manne yanayoamua ushindi, akayapa uzito: ubora wa kutupa asilimia 40, kutopoteza mpira 25, kudaka mipira inayorudi kutoka ubaoni 20, na mitupo huru 15. Uzito huo ni makadirio, lakini orodha yenyewe inamfaa mwalimu asiye na chombo chochote ila penseli na daftari.

MCHEZAJI ASIYEONEKANA

Orodha hiyo humtendea haki mchezaji ambaye kazi yake si kufunga. Mtanzania Hasheem Thabeet alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009. Katika msimu wake wa mwisho, wastani wake kwa kila mchezo ulikuwa pointi 13.6, mipira 10.8 iliyodakwa kutoka ubaoni, na mitupo 4.2 ya wapinzani iliyozuiwa. Anayesoma pointi peke yake ataona mfungaji wa kadiri. Anayesoma safu zote ataelewa kwa nini mwaka 2009 aliteuliwa wa pili miongoni mwa wachezaji wote waliokuwa wakiingia katika ligi ya kulipwa ya NBA. Na hata hapo daftari halikamiliki, kwani haliandiki mitupo ambayo mpinzani aliogopa kuitupa.

TAHADHARI JUU YA BAHATI

Turudi kwa Villanova. Je, asilimia 78.6 ilikuwa kipimo cha kweli cha uwezo wao? Kila mwanachuo na arushe sarafu mara 28, ahesabu upande wa kichwa umetokea mara ngapi. Walio wengi watapata kati ya 11 na 17. Kupata 22 au zaidi hutokea takriban mara 2 tu katika majaribio 1,000.

Mtupo wa kikapu si sarafu, na bahati peke yake haielezi ushindi ule. Mwaka huo vyuo havikuwa bado na sheria ya jumla ya kuilazimisha timu itupe mpira kabla ya sekunde kadhaa kupita. Sheria ya sekunde 45 ilianza msimu uliofuata. Villanova waliweza kungoja hadi wapate mtupo ulio rahisi. Lakini somo linabaki palepale: mitupo 28 ni michache mno kuwa msingi wa hukumu. Mwanachuo aliyekosa mitupo yake yote mitano Jumamosi hajathibitika kuwa hajui kutupa.

KAZI YA DARASANI

Tunapendekeza kila mchezo wa chuo uwe na waandikaji wanne, mmoja kwa kila jambo katika yale manne, na timu zote mbili ziandikwe. Siku inayofuata darasa likokotoe zamu, asilimia na wastani, na kila mwanachuo aandike sentensi tatu: namba zinaonyesha nini, hazionyeshi nini, na michezo mingapi zaidi inahitajika kabla ya kuamua. Baada ya michezo kumi, jedwali hilo ndilo libandikwe ubaoni.

Wanachuo hawa kesho watakuwa walimu, nao watashika madaftari ya maksi za watoto. Aliyezoea kuuliza "kutokana na ngapi?" uwanjani hatakuwa mwepesi wa kumhukumu mtoto kwa jaribio moja.