Subira Si Kunyimwa Dawa

Tumezoea kumsifu mtu avumiliaye maumivu pasi na kulia. Sifa hiyo ni njema, lakini imegeuka pazia: mgonjwa hunyamaza, na mganga hudhani hana haja ya dawa.

Mtazameni mkulima wa Kitanga aliyevunjika mguu shambani. Hupakiwa juu ya pikipiki, akatikisika njia nzima mpaka Kasulu au Kibondo. Akifika huandikwa jina, husafishwa jeraha, huungwa mfupa. Na pengine maumivu yenyewe hayaulizwi.

Je, kulalamika ni kukosa subira? La, hasha. Qur'ani Tukufu yatueleza kwamba Nabii Ayubu (a.s.) alimlilia Mola wake kwa dhara iliyompata, na juu ya hayo Mola akamsifu kwa subira. Naye Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu.

Ziko hofu mbili. Ya kwanza ni ya waganga wa zamani, kwamba dawa ya maumivu humficha daktari ugonjwa wa tumbo. Uchunguzi wa miaka ya karibuni haukuithibitisha: maumivu hupunguzwa, na ugonjwa hutambulikana vilevile. Ya pili ni ya morfini, kwa kuwa yatokana na afyuni. Ikitolewa kwa kipimo, siku chache, chini ya daktari, ni nadra kumtia mtu uraibu. Na mafakihi wamesema dharura huhalalisha kilichokatazwa. Shirika la Afya Duniani limeihesabu katika dawa za lazima tangu 1977.

Lakini mgawanyo wake ni dhuluma. Mwaka 2017 jopo la jarida la Lancet lilieleza kwamba katika tani 298.5 za dawa za jinsi hii zilizogawiwa ulimwenguni kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Hata hivyo njia ipo: jirani zetu wa Uganda mwaka 2004 waliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kuandika morfini.

Basi, enyi wazazi na vijana, kiungo kilichovunjika kifungeni kwa vibao na kitambaa kabla ya safari, kwani kukituliza hupunguza maumivu. Hospitalini mwambieni mganga kiasi chake: sufuri ni hakuna, kumi ni yasiyostahimilika. Dawa ikiisha nguvu, semeni tena. Na mtoto mchanga, au mzee asiyeweza kunena, msemeeni ninyi. Ulimi wenu ndio msaada wake.