Mali pande mbili za mto Lubiriha: ipange kabla ya msiba

BWERA – Siku ya soko, mpaka wa Mpondwe hupitisha kahawa, kakao, mawese na samaki wakavu. Wengi wanaovuka kwenda Kasindi na kurudi wana jamaa pande zote mbili, kwani Wakonzo wa Kasese na Wanande wa Beni ni ndugu. Mali zao nazo zimetapakaa: shamba la kahawa mlimani, duka Bwera, mzigo ghalani Kasindi, deni kwa mteja wa Butembo.

Mwenye mali akifariki ghafla, nani atashika funguo za ghala?

Nchini Uganda, asipoacha wosia, sheria ya urithi iliyorekebishwa mwaka 2022 ndiyo inayogawa. Marehemu akiacha mwenzi, watoto, wategemezi na mrithi wa kimila, watoto hupata asilimia 75, mjane au mgane 20, wategemezi 4 na mrithi wa kimila 1. Kwa mali ya shilingi milioni 20, watoto wanapata milioni 15, mjane milioni 4, wategemezi laki 8 na mrithi wa kimila laki 2. Nyumba ya familia haiingizwi katika mgawo huo, na kumfukuza mjane humo ni kosa la jinai.

Lakini kabla ya kugawa, lazima mahakama iteue msimamizi wa mirathi, naye kwa kawaida huhitaji kwanza cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka kwa Msimamizi Mkuu wa serikali. Wakati karatasi zinazunguka, duka limefungwa na mtaji unaliwa.

Ndiyo maana baadhi ya familia huunda amana ya familia mwenye mali angali hai. Anaandika hati, anateua wadhamini, anataja watakaonufaika, kisha anawahamishia wadhamini mali yenyewe. Akifariki, mali hiyo haisubiri mahakama. Wadhamini wanaendelea kusomesha watoto na kulipa kodi ya duka. Waislamu wanalijua jambo linalokaribia hili kwa jina la wakfu.

Kuna mitego mitatu. Kwanza, hati bila kuhamisha mali ni karatasi tupu: shamba likibaki kwa jina la marehemu, litaingia kwenye mirathi. Pili, ardhi inayoitunza familia haihamishwi bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Tatu, amana si mahali pa kuwakimbia wanaokudai.

Mtego mkubwa zaidi uko ng'ambo ya daraja. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini sheria za urithi hazijaunganishwa. Ardhi hufuata sheria ya nchi ilipo. Sheria ya Kongo, yenye asili ya Ubelgiji, haina amana ya aina hii, na huwatengea watoto robo tatu ya urithi. Kwa kiwanja cha Kasindi, muone mwanasheria wa huko.

Kwa mwenye mtaji mdogo, gharama za amana huenda zisilipe. Wosia ulioandikwa, ukatiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili wasio warithi, unatosha. Pamoja nao, aweke daftari moja: nani anadaiwa, nani anadai, mzigo uko ghala gani. Na angalau mtu mmoja nyumbani ajue daftari hilo liko wapi.