Wiki sita za hatari: utafiti wa Daktari George Murphy

Katika mwaka mmoja tu, 1956 hadi 1957, watu 134 walijiua katika jiji la St. Louis, jimbo la Missouri nchini Marekani, na viunga vyake. Madaktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko mjini humo, wakiongozwa na Eli Robins, waliamua kuchunguza vifo vyote bila kuchagua. Walibisha hodi kwa wajane, wazazi, ndugu na watu waliofanya kazi na marehemu, wakiuliza maswali yale yale kila walikoingia: alikuwa analala? Alikuwa anakula? Alikunywa kiasi gani? Alisema nini siku zile za mwisho?

Miongoni mwa madaktari hao alikuwamo George Murphy. Swali hilo la mwisho, pamoja na lile la pombe, yakawa kazi ya maisha yake.

Karibu wote waliojiua walikuwa wagonjwa wa akili kabla ya kufa. Takriban nusu walikuwa na sonona, na kama robo walikuwa waraibu wa pombe. Theluthi mbili walikuwa wamemwambia mtu kwamba wanataka kufa. Ile kauli tunayoisikia mitaani, kwamba anayesema hajiui, ni ya uongo na inaua. Mtu akikwambia hivyo, msikilize, usimwache peke yake, na mfikishe hospitali.

Murphy aliona jambo jingine alipowatenga walevi na wagonjwa wa sonona. Mwaka 1967, yeye na Robins walieleza kwamba kama theluthi ya waraibu wa pombe walikuwa wamempoteza mtu wa karibu katika wiki sita za mwisho: talaka, mke kuondoka, kifo. Kwa wagonjwa wa sonona, hilo lilikuwa nadra sana. Sonona humdidimiza mtu hata pale ambapo watu wake wote wapo. Mraibu wa pombe, kwa kawaida, ameshapoteza mengi kwa miaka, kazi, afya, marafiki, mpaka amebaki na mtu mmoja tu anayemvumilia. Huyo naye akiondoka, hakuna kinachobaki.

Mwanasayansi mwaminifu hakubali tokeo lake mpaka limejirudia. Murphy na wenzake wakachunguza upya vifo vya waraibu wengine 50, na mwaka 1979 wakatoa jibu: asilimia 26 walikuwa wamepata pigo la namna hiyo ndani ya wiki sita. Idadi ilipungua kidogo, lakini mwelekeo ulikuwa ule ule.

Hakuwaachia ndugu peke yao mzigo wa kuona dalili. Mwaka 1975 aliandika kuhusu wajibu wa madaktari wenyewe, akionyesha kwamba wengi wa waliojiua walikuwa wamemwona daktari miezi michache kabla, na kwamba sonona yao mara nyingi haikutambuliwa wala kutibiwa ipasavyo. Kuwaandikia wenzako wa taaluma hivyo kunahitaji ujasiri.

Ujasiri huo huo ulionekana mwaka 1990. Vitabu vya tiba vilikuwa vikirudia kwamba asilimia 15 ya waraibu wa pombe hufa kwa kujiua. Murphy na Richard Wetzel walirudi kwenye tafiti zilizozaa takwimu hiyo, wakakuta imetokana na kuhesabu waliojiua miongoni mwa waliokufa mapema tu, wakati wengi wa waliofuatiliwa walikuwa bado hai. Walipokokotoa upya walipata kati ya asilimia 2 na 3.4. Hatari hiyo bado ni kubwa mno ikilinganishwa na ya mtu asiye na ugonjwa wa akili. Lakini kwa familia inayomuuguza mlevi, tofauti kati ya 15 na 3 ni tofauti kubwa ya matumaini.

Mwaka 1992 kitabu chake kuhusu kujiua miongoni mwa waraibu wa pombe kilitaja dalili saba za hatari. Mgonjwa bado anakunywa, ana sonona, anazungumzia kufa, hana watu wa kumshika mkono, anaishi peke yake, hana kazi, ana maradhi makubwa ya mwili. Dalili hizo hujilimbikiza, na hatari hupanda kwa kadiri zinavyokutana kwa mtu mmoja. Hakuna hata moja inayohitaji mashine wala maabara. Muuguzi wa zahanati anaweza kuziuliza zote mgonjwa akiwa ameketi mbele yake, na mbili za kwanza zinatibika.